Presha Tuliyoipima Vibaya

Mama mpendwa, je, umewahi kupimwa presha ukaambiwa ni nzuri, ukarudi nyumbani na moyo mwepesi, bila kujiuliza kama mashine iliyotumika ilikuwa nzima? Wengi wetu hatuulizi. Sokoni tunauliza bei ya nyanya, tunauliza kama kilo imetimia, lakini mashine ya presha tunaiamini tu. Sisi tunaokuandikia tuliiamini hivyo hivyo, na nusura kosa hilo limwue mama mmoja pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni mwake.

Tuko akina mama wanne wa huduma ya afya katika kanisa moja la katikati ya jiji la Dar es Salaam, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kariakoo. Aliyeshika kalamu kwa niaba ya wote ni muuguzi mwenye stashahada. Lakini kosa lilikuwa letu sote, kwa hiyo tunasema "sisi".

Jumamosi ile

Ilikuwa Novemba 2018, kabla soko kuu la Kariakoo halijaungua moto Julai 2021. Kila Jumamosi asubuhi tulitandika kitambaa cheupe juu ya meza katika ukumbi wa kanisa na kuwapima presha watu bila malipo. Walikuja mama lishe na sufuria zao, wapagazi waliotoka kushusha magunia, wazee wa Gerezani, na akina mama wanaouza nguo Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi. Hatukuuliza mtu dini yake. Wengi hawakuwa na nafasi ya kwenda kliniki siku za kazi, na sisi tulifurahi kuwa na kitu cha kuwapa.

Mashine yetu ilikuwa ile ya kupuliza kwa mkono, yenye kitambaa cha kufunga mkononi, kipira cha kubinya na saa yenye mshale. Ilikuwa imetutumikia kwa miaka. Wiki kadhaa tulikuwa tumeona kwamba mshale unashuka upesi hata kabla hatujafungua skrubu. Tuliambiana, "Imezeeka, puliza kwa nguvu kidogo." Tukaendelea.

Siku hiyo akaja mama mmoja muuza vitenge, mjamzito wa miezi minane. Alikaa akavua viatu, maana vilikuwa vinambana.

"Dada zangu, kichwa kinaniuma tangu juzi," alisema. "Nadhani ni jua la pale nje."

Tulimfunga kitambaa. Foleni ilikuwa ndefu na watoto walikuwa wanalia. Tulipuliza mpaka 150 tu, tukafungua, na mshale ukateremka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Tulisikia mpigo wa kwanza mahali fulani karibu na 130. Mpigo wa mwisho, yaani ule unaotoa namba ya chini, hatukuusikia vizuri. Badala ya kurudia, tuliandika 80, kwa sababu 80 ndiyo namba tuliyozoea kuiandika.

"Mama, presha yako nzuri, 130 kwa 80. Kunywa maji, pumzika, upunguze kusimama juani."

Alitushukuru, akavaa viatu vyake kwa shida, akaenda zake.

Jumatatu usiku akiwa nyumbani macho yalimfanya ukungu, na maumivu yakamshika chini ya mbavu upande wa kulia. Mume wake alitafuta bajaji wakakimbilia hospitali. Huko alipimwa akakutwa na presha ya 170 kwa 110, na mkojo wake ulikuwa na protini. Wauguzi wenzetu waliokuwa zamu walimchoma sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, wakampa dawa ya kushusha presha, na alfajiri mtoto akazaliwa kwa operesheni. Alikuwa na kilo 1 na gramu 900. Mungu alikuwa mwema, wote wawili waliishi.

Sisi hatukujua lolote mpaka wiki saba baadaye, alipoingia tena ukumbini na mtoto kifuani. Hakuja kupimwa. Alisimama mbele ya meza akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Dada zangu, siku ile mliniambia niko salama. Mlikuwa mnaona nini?"

Tulitazamana. Ilikuwa rahisi kusema kwamba presha ya mimba huweza kupanda kwa siku mbili, na ni kweli huweza. Lakini tulijua kuwa mshale ulikuwa unakimbia, na tulijua kuwa ile 80 hatukuisikia. Tukamwambia hivyo.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nikimkatia mteja kitenge kikapungua nusu mita, anarudi siku ile ile na kunifedhehesha mbele ya watu. Ninyi nilikuwa nirudi kwenu wapi, kama ningekufa?"

Hatukuwa na jibu. Tulilia, naye akalia pamoja nasi, kisha akakaa akamnyonyesha mtoto.

Chupa ya kioo

Mchana huo huo, watu walipokwisha kuondoka, tulifanya jambo ambalo tungefanya miaka mingi kabla. Tulikizungusha kile kitambaa kwenye chupa nene ya kioo, tukafunga skrubu sawasawa, tukapuliza mpaka 200, tukaacha. Chupa haina mishipa wala haitikisiki. Mashine ikiwa nzima, mshale unapaswa kutulia hapo hapo. Wa kwetu ulifika 120 kwa nusu dakika.

Tulipaka povu la sabuni kwenye mipira, pole pole. Karibu na shingo ya saa, mahali tulipozoea kuukunja mpira ili uingie kwenye mkoba, povu lilianza kutoa vipovu vidogo vidogo. Ulikuwa ufa mdogo kama uzi. Joto la Dar es Salaam na kukunjwa kila wiki vilikuwa vimeupasua mpira bila kelele.

Mama mwenzetu, ni vema uelewe ufa huo hufanya nini. Anayepima presha hupuliza hewa mpaka mshipa wa mkono ubanwe, kisha huiachia pole pole, milimita 2 au 3 kwa sekunde, huku akisikiliza. Mpigo wa kwanza ndio namba ya juu. Pale mipigo inapotoweka ndipo namba ya chini. Hewa ikivuja, mshale hushuka kwa haraka kuliko moyo unavyopiga. Kati ya mpigo mmoja na mwingine mshale unakuwa umekwisha kuruka hatua kadhaa. Kwa hiyo namba ya juu huonekana ndogo kuliko ilivyo, na namba ya chini huvurugika, mara nyingi huonekana kubwa. Anayepima kwa uangalifu angeshtuka. Sisi hatukusikia, tukakadiria. Mpira ulikuwa na ufa, na uangalifu wetu nao ulikuwa na ufa.

Jambo hili la hewa na mpira si geni. Mwaka 1733 mchungaji mmoja Mwingereza, Stephen Hales, alichapisha habari za jinsi alivyopima presha ya farasi kwa kuingiza mrija mshipani na kutazama damu ikipanda ndani ya bomba la kioo. Mwaka 1896 daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, alipata njia isiyomwaga damu, akamfunga mgonjwa mkononi mpira uliojazwa hewa. Mpira huo ulikuwa tyubu ya baiskeli! Na mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, alieleza sauti tunazozisikiliza hadi leo. Basi mashine yetu ni ndugu wa baiskeli tangu kuzaliwa. Fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu hathubutu kurudisha gurudumu kabla hajaizamisha tyubu kwenye beseni la maji na kutazama vipovu. Yeye hana stashahada. Sisi tuliokuwa nayo hatukuwa na beseni.

Hata ndege hupimwa hivyo

Tulipomsimulia mume wa mwanakwaya mmoja, ambaye ni fundi wa ndege ndogo, alitikisa kichwa. "Dada zangu," alisema, "hiyo kazi ya chupa sisi tunaifanya kwenye ndege."

Alitueleza kwamba rubani akiwa angani hujua mwendo na kimo chake kwa njia ya hewa. Mbele ya ndege kuna mrija mdogo uliotazama upepo, uitwao mrija wa Pitot, kwa jina la Mfaransa Henri Pitot aliyeubuni mwaka 1732 kwa ajili ya kupima mwendo wa maji ya mto. Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vingine vinavyopokea hewa tulivu. Kutoka hapo mipira myembamba hupita ndani ya ndege mpaka kwenye saa zilizo mbele ya rubani. Kiungo kimoja kikilegea, saa husema uongo, na rubani aliye ndani ya mawingu hana jicho jingine.

Kwa hiyo mipira hiyo hupimwa ndege ikiwa bado imesimama chini. Fundi huvuta hewa kidogo kutoka kwenye vile vitundu vya ubavuni mpaka saa ya kimo ionyeshe kwamba ndege imepanda futi 1,000, kisha huubana mpira na kusubiri dakika moja. Kwa kanuni za Marekani, ndege ndogo ambayo chumba chake hakijazwi hewa isipoteze zaidi ya futi 100 katika dakika hiyo. Ikizidi, kiungo kinatafutwa.

Kisha akatuambia jambo lililotushangaza. Kule Marekani wako watu wanaojijengea ndege zao wenyewe majumbani, katika vyumba vya kuwekea magari, na tangu 1953 wana chama chao. Baadhi yao, wanapotaka kujua kama mpira wa mwendo unavuja, huchukua kile kipira cha kubinya cha mashine ya presha. Hukiunganisha na mrija wa Pitot, hubinya pole pole sana mpaka mshale wa mwendo upande, kisha huubana mpira na kutazama. Mshale ukitulia, vema. Ukishuka, hutembea na viungo kimoja baada ya kingine mpaka waupate ufa. Alisisitiza neno "pole pole", kwa kuwa pumzi ya nguvu, hata ya kinywa, yaweza kuiharibu saa.

Tulimwuliza, "Na wasipopima?"

Akatutajia mwaka 1996. Februari 6 ya mwaka huo ndege ya shirika la Birgenair iliruka kutoka Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika ikaanguka baharini. Watu wote 189 walikufa. Saa ya mwendo ya rubani ilikuwa imesema uongo, na wachunguzi waliona kwamba huenda mrija mmoja wa Pitot ulikuwa umezibwa na nyigu waliojenga kiota ndani yake. Oktoba 2 ya mwaka ule ule ndege ya Aeroperú iliondoka Lima usiku. Vile vitundu vya ubavuni vilikuwa vimefunikwa kwa utepe wakati wa kuisafisha ndege, na utepe haukuondolewa. Watu wote 70 walipotea. Hapo mirija haikuvuja, iliziba, lakini asili ni moja. Saa ilikuwa nzuri, mshale ulikuwa mzuri, na hewa iliyoufikia ilikuwa ya uongo.

Nyumbani kwetu nani hajawahi kuona nyigu akijenga udongo kwenye tundu la kitasa? Tangu siku ile, tukimwona nyigu tunaikumbuka ile ndege.

Mizani na mashine

Kitabu cha Mithali kinakataza mizani ya uongo, na sisi akina mama wa Kariakoo tunalijua somo hilo vizuri. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hukagua mizani za wafanyabiashara na kuzitia alama. Muuza samaki akikupunja robo kilo utapiga kelele mpaka mtaa wa pili wasikie. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kupiga kelele juu ya mashine ya presha? Robo kilo ya samaki hupungua kwenye sufuria tu. Presha iliyopimwa vibaya yaweza kupunguza mtu mezani.

Ipime mashine yako

Siku hizi familia nyingi zina mashine ya presha nyumbani, kwa ajili ya baba, bibi au mama mwenyewe. Kama yako ni ya kupuliza kwa mkono, fanya hivi mara moja kwa mwezi, na kila ikianguka:

Kwanza, zungusha kitambaa kwenye chupa nene ya kioo yenye unene unaokaribia mkono wa mtu mzima. Hakikisha kabla ya kupuliza mshale uko kwenye sifuri.

Pili, funga skrubu, puliza mpaka 200, ngoja dakika moja hewa itulie. Kushuka kidogo mwanzoni si kosa.

Tatu, tazama saa ya ukutani kwa dakika moja nyingine. Kipimo cha kimataifa kinaruhusu mshale ushuke milimita 4 tu kwa dakika. Ukishuka zaidi, mashine inavuja.

Nne, tafuta mahali. Ubane kwa vidole mpira unaotoka kwenye kipira, karibu na kitambaa. Mshale ukitulia, ufa uko upande wa kipira au skrubu yake. Usipotulia, uachie huo, ubane mpira unaokwenda kwenye saa, karibu na kitambaa. Mshale ukitulia sasa, ufa uko kwenye kitambaa au mfuko wa hewa ulio ndani yake. Ukiendelea kushuka, ufa uko kwenye mpira wa saa au viungo vyake. Paka povu la sabuni kwenye mpira na viungo, lakini saa yenyewe usiiloweshe kamwe.

Tano, usiufunge ufa kwa uzi au plasta. Nunua mpira mpya. Na usiukunje mpira kwa nguvu unapoirudisha mashine kwenye mkoba.

Kama mashine yako ni ya betri, ichukue unapokwenda kliniki, upimwe kwa ya kwao kisha kwa ya kwako, ulinganishe. Ikipuliza muda mrefu kuliko kawaida, au ikionyesha alama ya kosa mara kwa mara, kagua mpira na kitambaa chake.

Kumbuka pia kwamba hata mashine nzima hudanganywa na haraka zetu. Mtu apumzike dakika 5 akiwa ameketi, asikunje miguu wala kuongea, mkono uwe sawa na moyo. Anayepima ashike mshipa wa kifundo cha mkono, apulize mpaka mpigo upotee, kisha aongeze 30. Akitilia shaka, apumzike dakika moja, apime tena. Lile foleni litasubiri.

Na wewe mama mjamzito, sikia neno la mwisho. Kuanzia wiki ya 20 ya mimba, presha ya 140 kwa 90 au zaidi si ya kuchezea. Lakini ukiwa na maumivu makali ya kichwa, ukungu machoni, maumivu chini ya mbavu, au uso na mikono kuvimba ghafla, nenda hospitali hata kama mashine imesema presha ni nzuri. Hata baada ya kujifungua, hatari hiyo hubaki kwa wiki kadhaa. Usikubali namba ikunyamazishe. Mwili wako nao ni shahidi. Yule mama alituambia kichwa kinamuuma na viatu vinambana, nasi tukaamini mshale kuliko yeye. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Sisi tulijengewa ukuta bila kustahili, kwa mikono ya wauguzi wa zamu ya usiku ambao hatukuwafahamu.

Yule mtoto wa kilo 1 na gramu 900 sasa anasoma shule ya msingi. Mama yake bado anauza vitenge, na Jumamosi nyingine hupita ukumbini kupimwa. Kabla hajaketi huweka mkoba wake chini, hunyosha kidole kwenye ile chupa ya kioo iliyoko pembeni mwa meza, na kusema:

"Haya, dada zangu. Mpimeni huyo kwanza."

Nasi tunampima.